Altrasaundi kwa shingo iliyokaza: mashine inafanya nini hasa?

Mtu mwenye shingo iliyokaza akifika kwenye chumba cha tiba ya viungo, mara nyingi huwa ameshaamua anachokitaka. "Musawo (yaani daktari, kwa Kiganda), niwekee ile mashine." Ameambiwa na jirani, au na dereva mwenzake waliyekaa naye kwenye foleni ya malori pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwamba kuna mashine ambayo kichwa chake kinapakwa jeli na kuzungushwa shingoni, na maumivu yanaondoka. Mashine hiyo ni altrasaundi ya tiba. Ipo katika hospitali kubwa na katika kliniki nyingi za binafsi mijini, kuanzia Kampala hadi Mbale na Arua, na kweli ina kazi inayoifanya mwilini. Lakini kazi hiyo ni ndogo kuliko sifa zake. Kwa maumivu ya kawaida ya shingo, majaribio ya miaka mingi yanaonyesha kwamba mashine hii haiongezi mengi juu ya yale yanayofanywa na mikono ya mtaalamu pamoja na mazoezi. Ninaandika haya kwa sababu mgonjwa huilipia kila mara anapowekewa, analipa na nauli ya taksi au boda, na wakati mwingine hupoteza wiki nzima ambazo ugonjwa wake ulihitaji kuchunguzwa.

Tuanze kwa kutenganisha mashine mbili zenye jina moja. Mama mjamzito akienda kupimwa, mashine anayowekewa tumboni hutuma sauti fupi fupi kisha husikiliza mwangwi unaorudi, na kutokana na mwangwi huo hujenga picha kwenye skrini. Mashine ya tiba ya viungo hutuma tu. Haisikilizi mwangwi na haichori picha, na namba zinazoonekana juu yake ni za dakika na nguvu iliyowekwa. Kwa hiyo haiwezi kumwambia mtu yeyote kama msuli umechanika, mfupa umeota mwiba au neva imebanwa. Mgonjwa anayetoka pale akisema "mashine imeona mshipa wangu umejikunja" ameeleweshwa vibaya, na ni wajibu wa aliyemtibu kumsahihisha.

Sauti yenyewe hatuisikii. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na mashine hii hutetemeka mara milioni 1 au milioni 3 kwa sekunde. Ndani ya kichwa chake kuna kipande cha fuwele au kauri ambacho kikipitishiwa umeme hutanuka na kusinyaa kwa kasi hiyo. Tabia hii ilianza kufahamika mwaka 1880, pale ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walipoonyesha kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake, yaani umeme kuitetemesha fuwele, kilithibitishwa muda mfupi baadaye. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin aliitumia kutafuta nyambizi za adui chini ya bahari. Akaona jambo ambalo hakulitarajia: samaki waliopita karibu na chombo chake walikufa, na mtu aliyetia mkono majini mbele yake alipata maumivu. Mwaka 1927 Robert Wood na Alfred Loomis wa Marekani walichapisha uchunguzi mpana wa jinsi sauti hii inavyoathiri viumbe hai, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 madaktari wa Ujerumani walikuwa wameanza kuwawekea wagonjwa.

Tarehe hizo zinaeleza mengi. Jaribio mashuhuri lililofungua njia ya kuwagawa wagonjwa kwa kura, wengine wakapewa dawa na wengine wasipewe ili ijulikane kama dawa kweli inafaa, lilikuwa la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, na lilichapishwa Uingereza mwaka 1948. Altrasaundi ilikuwa imeshaingia hospitalini. Ilikubalika kwa sababu ilionekana kuwa na mantiki, ikafundishwa vyuoni, ikawa desturi. Maswali magumu yalikuja baadaye, na majibu yake hayajafika kila mahali ambapo mashine imefika.

Turudi shingoni. Jeli inayopakwa haina dawa, ingawa wengi huamini inayo. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi, maana sauti ya aina hii ikikutana na hewa hurudi karibu yote ilikotoka. Bila jeli, mashine inaweza kuwaka dakika 10 nzima na shingo isipokee kitu. Mafuta mazito ya kuchua yanayouzwa sokoni hayafai kushika nafasi ya jeli, kwa kuwa mengi huizuia sauti kupita.

Ikishapita ngozini, sauti hupungua kadiri inavyozama. Ile ya megahezi 3, yaani mitetemo milioni 3 kwa sekunde, hupoteza nusu ya nguvu yake ndani ya sentimita moja au mbili. Ya megahezi 1 huzama zaidi. Mafuta ya mwilini huipitisha bila kuimeza sana, msuli humeza kiasi, kano na mfupa humeza nyingi. Ndiyo maana mtaalamu haachi kichwa cha mashine kitulie mahali pamoja: nguvu inayotoka haiko sawa kwenye uso wake wote, kuna sehemu kali kuliko nyingine, na sehemu hiyo ikikaa juu ya mfupa mgonjwa husikia maumivu ya ndani yanayochoma. Akiyasikia, aseme mara moja. Hakuna sababu ya kuvumilia kwa kudhani kwamba ndivyo tiba inavyoingia.

Kile ambacho mashine hufanya kwa uhakika ni kuleta joto. Nishati inayomezwa na tishu hugeuka joto, na tishu zikifika kati ya nyuzi 40 na 45 za Selsiasi, damu huongezeka mahali hapo, kano hunyooka kwa urahisi kidogo, na maumivu hupungua kwa muda. Hapo fizikia iko wazi. Ugumu uko kwenye kiasi.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichoma vipima joto vyembamba ndani ya misuli ya shavu la mguu ya watu wazima wenye afya, kisha wakapima joto linavyopanda mashine ikiwa inafanya kazi. Kwa nguvu ya wati 1 kwa kila sentimita ya mraba, sauti ya megahezi 3 iliongeza karibu nyuzi 0.6 kila dakika, na ya megahezi 1 iliongeza karibu nyuzi 0.2. Ili msuli upande nyuzi 4, kiasi ambacho wataalamu wengi hukitafuta, ya kwanza inahitaji kama dakika 7 na ya pili kama dakika 20. Tena vipimo hivyo vilipatikana kwa kutibu eneo dogo, lenye ukubwa mara mbili tu ya uso wa mashine unaotoa sauti.

Sasa linganisha na kinachofanyika mara nyingi. Uso wa mashine unaotoa sauti huwa na kama sentimita 5 za mraba. Eneo linalomuuma mgonjwa, kuanzia chini ya kisogo hadi ncha ya bega, upande mmoja peke yake, hufika kwa urahisi sentimita 200 za mraba, zaidi kidogo ya kiganja pamoja na vidole vya mtu mzima. Hiyo ni mara 40 ya uso wa mashine. Kichwa kikizungushwa eneo lote hilo kwa dakika 5, yaani sekunde 300, kila sehemu inapata wastani wa sekunde saba na nusu. Joto la maana halipatikani kwa sekunde saba na nusu. Ni kumwagilia shamba zima kwa kikombe kimoja cha maji. Mgonjwa anahisi ubaridi wa jeli, anahisi chuma kikiteleza, anaona taa ikiwaka, lakini ndani ya msuli hali inabaki karibu ileile.

Hata joto likipatikana, halikai. Katika vipimo vya aina hiyohiyo, ile dakika ya tatu baada ya mashine kuzimwa sehemu kubwa ya faida ya kunyoosha ilikuwa imeshapita. Kwa hiyo mtaalamu makini anayeamua kuitumia huitumia mahali padogo, kwa muda wa kutosha, kisha hapo hapo humnyoosha mgonjwa shingo kabla msuli haujapoa. Anayezima mashine na kumwambia mgonjwa "haya, vaa shati, tuonane Jumatano" amekiacha kile kidogo kilichopatikana kipotee mlangoni.

Kuna namna ya pili ya kuitumia, ambayo mashine hutoa sauti kwa vipindi, mathalani milisekunde 2 ikitoa na 8 ikipumzika, ili joto lisijengeke. Wanaoipendekeza husema mitetemo yenyewe hutikisa vipovu vidogo na kusukuma majimaji pembeni mwa seli, na hivyo kuharakisha uponaji. Mambo hayo yameonekana maabara, seli zikiwa kwenye vyombo. Ndani ya shingo ya mtu aliye hai ni habari nyingine. Mwaka 2001 Baker, Robertson na Duck walipitia ushahidi wa upande huo katika jarida la Physical Therapy, wakahitimisha kwamba msingi wa kisayansi wa kuitumia kwa wagonjwa kwa sababu hizo haujatosha.

Mwaka huohuo Robertson na Baker walichapisha mapitio ya pili, safari hii ya majaribio kwa wagonjwa. Walikusanya majaribio 35 yaliyogawa watu kwa kura, ya kati ya 1975 na 1999. Kumi tu ndiyo yaliyofanywa kwa njia wanayoweza kuikubali. Katika hayo 10, mawili yalionyesha altrasaundi inaishinda mashine bandia. Manane hayakuonyesha hivyo.

Hapa panahitaji ufafanuzi, maana msomaji anaweza kuuliza: mashine bandia ni nini, na mgonjwa hatambui? Altrasaundi ina sifa moja inayowapa watafiti wepesi. Ikitumiwa sawasawa, mgonjwa hahisi kitu au anahisi vuguvugu hafifu tu. Basi unaweza kuchukua mashine ileile, ukakata njia ya sauti, ukaacha taa iwake na saa ihesabu, ukapaka jeli na kuzungusha kichwa kama kawaida. Mgonjwa hajui yuko kundi gani. Tiba nyingi za mikono haziwezi kupimwa kwa usafi huo, kwa sababu huwezi kumkanda mtu asijue amekandwa. Kwa hiyo matokeo ya altrasaundi yakisema tofauti ni ndogo, yana uzito.

Na kuhusu shingo hasa? Mwaka 1998 jarida la Pain lilichapisha jaribio la watafiti wa Denmark kwa watu 58 waliokuwa na vifundo vyenye maumivu kwenye misuli ya shingo na mabega. Kundi moja lilipata altrasaundi, kukandwa na mazoezi. Kundi la pili lilipata mashine bandia, kukandwa na mazoezi. La tatu halikutibiwa. Makundi mawili ya kwanza yalipunguza idadi na ukali wa vifundo, lakini hayakutofautiana yenyewe kwa yenyewe. Kilichosaidia kilikuwa kwenye mikono na mazoezi, na altrasaundi ya kweli haikuongeza kitu juu yake. Kwa maumivu ya mgongo wa chini, ambako majaribio ni mengi, mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 unawaambia wahudumu wazi kwamba wasiitoe altrasaundi kwa tatizo hilo.

Haki inataka niseme pia pale iliposhinda. Mwaka 1999 madaktari wa Vienna waliripoti katika The New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa wenye chokaa kwenye kano za bega. Waliopata altrasaundi ya kweli, mara 24, dakika 15 kila mara, chokaa yao ilipungua kuliko ya wenzao wa mashine bandia, na mwanzoni maumivu pia yalipungua zaidi. Baada ya miezi 9 tofauti ya maumivu kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Angalia masharti yake: ugonjwa ulioonekana kwenye eksirei, mahali padogo panapojulikana, na muda mrefu wa tiba. Huwezi kuyachukua matokeo hayo ukayabandika kwenye shingo ya mshonaji aliyeinama juu ya cherehani tangu asubuhi, ukampa dakika 5.

Mbona basi watu wanatoka wakisema wamepona? Kwa sababu wengi wanapona kweli. Shingo iliyokaza ghafla, bila ajali na bila homa, kwa kawaida hulegea ndani ya siku au wiki chache hata isipoguswa. Mtu huenda kutafuta tiba siku maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele hushuka. Chochote alichokifanya siku hiyo hupewa sifa. Ongeza kwamba amelala kitandani nusu saa bila mzigo, amesikilizwa na mtu anayejua kazi yake, ameguswa kwa upole mahali panapouma, na ameondoka bila hofu aliyokuja nayo. Hofu hukaza misuli, na hofu ikipungua misuli nayo hulegea. Yote haya ni ya kweli na yana thamani. Wala hayahitaji mashine.

Tuseme neno kuhusu huo ukazaji. Kila mtu kwetu ana maelezo yake: mshipa umepanda, mshipa umejikunja, baridi imeingia. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba msuli unalinda. Kiungo kidogo cha shingo au tishu iliyo jirani yake ikikereka, ubongo huagiza misuli inayozunguka, hasa ule mpana unaotoka kisogoni hadi begani, ibane ili shingo isisogee. Kubana kwenyewe kukikaa siku nzima kunauma, na maumivu huagiza kubana zaidi. Kupasha joto kunaweza kuituliza amri hiyo kwa muda, na kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa kinalifanya hilo vizuri kabisa kwa misuli iliyo juu juu. Ila amri yenyewe hubadilika pale shingo inaposogezwa kidogo kidogo bila madhara, na pale misuli dhaifu ya ndani inapopata nguvu ya kubeba kichwa.

Na shingo za Uganda zina sababu zake za kuchoka. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20, na kuna akina mama wanaolibeba kichwani zaidi ya mara moja kwa siku tangu wakiwa wasichana. Dereva wa lori anayetoka Malaba kuelekea Elegu hukaa saa nyingi mwili ukitikiswa, macho yakiwa mbele, mabega yamepanda. Mwendesha boda hutazama nyuma kwa kukata shingo ghafla huku amevaa helmeti nzito. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2020 yaliweka watu wenye maumivu ya shingo kuwa kama milioni 203, kwa hiyo hatuko peke yetu, lakini mizigo yetu ni ya kwetu. Mtaalamu asiyemuuliza mama huyo anabeba nini, kutoka kisimani umbali gani, na kama kuna baiskeli nyumbani, hata awe na mashine mpya kiasi gani, atamwona tena mwezi ujao akiwa na shingo ileile. Kugawa maji kwenye dumu mbili za lita 10 zinazofungwa pande mbili za baiskeli kunaweza kumfaa kuliko kuwekewa altrasaundi mara 10.

Sasa sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote. Si kila shingo iliyokaza ina tatizo la msuli. Mtu mwenye homa, kichwa kinachouma vikali na shingo inayokataa kidevu kisifike kifuani, huenda ana homa ya uti wa mgongo, na anatakiwa hospitali saa hiyohiyo. Kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, upande wa West Nile, kumo ndani ya ukanda wa Afrika unaopata milipuko ya ugonjwa huo. Kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, kuna aina inayoletwa na kuvu, ambayo huanza polepole, kichwa kikiuma kwa siku nyingi, bila kelele za ghafla. Taya lisilofunguka pamoja na shingo ngumu baada ya jeraha linaweza kuwa pepopunda. Hawa wote wakipelekwa kwenye mashine, wanapotezewa saa ambazo hawana.

Kifua kikuu hujificha zaidi. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 iliiweka Uganda kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huu hauishii mapafuni. Huingia kwenye pingili za uti wa mgongo, za shingo zikiwemo, na huvimbisha tezi za shingoni. Maumivu yake hukua polepole kwa wiki na miezi, huamsha usiku, na huja na kukonda, jasho la usiku, au homa ndogo za jioni. Mwishowe miguu inaweza kulegea. Altrasaundi haitakiwi kabisa kuwekwa juu ya sehemu yenye maambukizi ya aina hii. Vivyo hivyo juu ya uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani, juu ya damu iliyoganda kwenye mshipa, karibu na macho, juu ya tumbo la mjamzito, juu ya kifaa kilichopandikizwa kusaidia mapigo ya moyo, au mahali ambapo ngozi imepoteza hisia na mgonjwa hawezi kusema panaungua. Kwenye shingo, upande wa mbele unapaswa kuachwa: pana mishipa mikubwa ya damu na neva zinazoongoza mapigo ya moyo. Aliyefanyiwa upasuaji uliotoa sehemu ya mfupa wa nyuma ya pingili naye asiwekewe hapo, kwa kuwa kinga ya neva kuu imepungua.

Aliyeanguka kwenye boda akaumia shingo anahitaji kuchunguzwa na, mara nyingi, eksirei kabla ya mtu yeyote kumgusa kwa lengo la kunyoosha. Na ganzi inayoshuka mkononi, vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo vya shati, mwendo unaoyumba, au mkojo usiozuilika, ni dalili za neva kubanwa. Huyo anaandikiwa rufaa kwa daktari.

Mashine zenyewe nazo zinahitaji kuangaliwa. Huko Scotland, katika eneo la Lothian, zilipopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya nusu zilitoa nguvu iliyopishana kwa zaidi ya asilimia 30 na ile iliyoandikwa juu yake. Hizo ni hospitali zenye mafundi wa vifaa. Kwetu umeme hupanda na kushuka, mashine huja kama msaada zikiwa zimeshatumika, na kifaa cha kuzipima nguvu ni adimu, kwa hiyo sioni sababu ya kudhani zetu ziko sawa zaidi. Kuna kipimo kidogo ambacho fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, yeyote anaweza kukifanya asubuhi: azungushe utepe wa plasta kwenye ukingo wa kichwa cha mashine upate ukuta mdogo, amimine maji kiasi, awashe. Maji yakichezacheza, kuna sauti inayotoka. Yakitulia kimya, mgonjwa wa jana alizungushiwa chuma tu. Kipimo hicho hakisemi nguvu ni kiasi gani, ila kinafichua mashine iliyokufa.

Ukishauriwa kuwekewa altrasaundi, uliza kwa heshima: daktari, tatizo langu ni lipi, mashine hii itanisaidia kwa njia gani, na tutajuaje kama imesaidia? Fizio mzuri hatakasirika. Mtaalamu wa tiba ya viungo nchini Uganda anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na ni haki yako kuuliza kama amesajiliwa. Kitakachokuonyesha kama umefika mahali pazuri ni mpangilio wa ziara yenyewe: amekuuliza maswali, amekupima jinsi shingo inavyogeuka, amegusa nguvu na hisia za mikono, amekupa mazoezi, na ziara inayofuata ameyaangalia tena. Altrasaundi ikiwa dakika chache ndani ya ziara kama hiyo, hakuna hasara kubwa. Ikiwa ndiyo ziara yote, pesa yako ingeweza kufanya kazi bora mahali pengine.

Mazoezi ya kuanzia ni mepesi kiasi kwamba watu huyadharau. Lala chali bila mto mnene. Tikisa kichwa taratibu kama anayekubali jambo, kidevu kikishuka kuelekea kooni, kisogo kikibaki kitandani. Shikilia sekunde 10, pumua, legeza, rudia hadi mara 10 kadiri unavyoweza bila misuli ya mbele ya shingo kusimama. Halafu ukiwa umeketi, geuza uso kulia mpaka unapokaza, subiri kidogo, kisha kushoto, mara kadhaa kwa siku, hata ukiwa kwenye foleni ya mpakani. Vuta mabega nyuma na chini, achia. Baada ya wiki moja au mbili, mtaalamu huongeza ukinzani: mkono dhidi ya paji la uso, chupa za maji za kuinua pembeni. Nguvu ya misuli haijengeki kwa siku tatu, hivyo panga kuyafanya kwa wiki 6 au zaidi. Maumivu kidogo wakati wa kunyoosha yanakubalika yakitulia ndani ya saa chache. Yakianza kushuka mkononi, au ganzi ikaongezeka, simama na urudi ukachunguzwe upya kabla ya kuendelea.